Jibu kwa mama wa Igoma: jeni ya PDHA1 haikai kwenye mitokondria

Swali lenyewe, kwa kifupi:

"Naishi Igoma, Mwanza. Binti yetu ana mwaka mmoja na miezi minne. Bado hakai vizuri, shingo ilichelewa sana kukaza, na amepata degedege mara mbili bila homa. Lakteti kwenye damu ilikuwa 5.8, ikarudiwa ikawa 4.9. Sampuli ya jeni ilipelekwa nje ya nchi, majibu yamerudi na neno PDHA1. Daktari alisema ni ugonjwa wa mitokondria. Shemeji yangu akasoma mtandaoni kwamba mitokondria hutoka kwa mama peke yake, na tangu siku hiyo kwa wakwe zangu Ukerewe mimi ndiye niliyeleta ugonjwa. Mama mkwe hata simu yangu hapokei. Je, ni kweli? Na nimlishe nini, maana nimeambiwa uji unaweza kumdhuru na uji ndio anaoupenda? Bado ananyonya pia."

Dada, pole sana. Nianze na shemeji yako, kwa sababu alichokisoma ni kweli na alichokihitimisha si kweli, na kosa lake hata wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hulifanya kila mwaka.

Mitokondria ni vile vyumba vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula kuwa nishati. Vina DNA yao wenyewe, fupi mno: herufi 16,569 na jeni 37. Yai likishatungishwa, mitokondria chache zilizokuja na mbegu ya baba huharibiwa, kwa hiyo hizo jeni 37 mtoto anazipata kwa mama yake. Hapo shemeji yuko sawa kabisa. Lakini kati ya hizo 37, zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini ni 13 tu. Na mitokondria inahitaji protini zaidi ya aina 1,000 ili ifanye kazi. Hizo nyingine zinatoka wapi?

Mwambie aende bandarini Nansio aangalie kinachoshushwa. Saruji, dizeli, soda, madaftari ya shule. Soda inanywewa Ukerewe lakini haikutengenezwa Ukerewe, na ikiwa chupa ina kasoro hakuna mwenye akili atakayewalaumu watu wa Nansio. Mitokondria ni hivyo hivyo. Sehemu kubwa mno ya protini zake huandikwa kwenye kiini cha seli, katika zile kromosomu 46, yaani vifurushi vya DNA, ambazo nusu ni za baba na nusu za mama, kisha zinatengenezwa nje na kusafirishwa hadi ndani. Protini ya PDHA1 ni mojawapo. Inaanza na urefu wa amino asidi (matofali ya protini) 390, na 29 za mwanzo ni tiketi ya safari tu. Ikishavuka na kuingia, tiketi inakatwa na kutupwa.

Kwa hiyo ugonjwa wa binti yako ni wa mitokondria kwa maana ya mahali unapoumiza. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu X, mkono mfupi, ndani ya kiini. Anwani hiyo ndiyo inayoamua nani angeweza kumpa nini, na wala si neno "mitokondria" lililotajwa kwenye majibu.

Binti yako ana X mbili, moja yako na moja ya baba yake. Kwa ugonjwa huu msichana huwa na kosa kwenye X moja tu, nyingine ni nzima. Sasa ile X yenye kosa ilitoka kwa nani? Kwa karatasi ya mtoto peke yake hilo halijulikani. Linajulikana mkipimwa wazazi wote wawili. Ila nikuambie kinachoonekana mara nyingi kwenye jeni hii: kosa huwa ni jipya. Halipo kwa mama, halipo kwa baba, lilitokea wakati yai lako au mbegu ya mume wako ilipokuwa inatengenezwa na DNA inanakiliwa. Kila mtu aliyezaliwa, wewe, mimi na shemeji yako msomaji wa mtandao, ana makumi ya mabadiliko mapya ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Karibu yote huangukia mahali pasipo na madhara. La binti yako limeangukia pabaya.

Sikuandikii haya ili umrushie mume wako lawama ulizorushiwa wewe. Hakuna kati yenu aliyekula, kunywa au kurogwa kitu kikaandika herufi ile vibaya.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu X ambalo litakusaidia kumwelewa mtoto mwenyewe. Ukishuka Mwaloni pale Kirumba asubuhi, waangalie paka wanaozunguka meza za samaki. Yule mwenye rangi tatu, mweusi na wa chungwa juu ya mweupe, karibu kila mara ni jike. Jeni inayoamua kati ya weusi na uchungwa iko kwenye X. Jike ana X mbili, na mapema kabisa tumboni kila seli yake inazima X moja, hii inazima ya mama, ile inazima ya baba, bila mpangilio maalumu, na watoto wa seli hiyo wanafuata uamuzi uleule. Ndiyo maana manyoya yanakuwa mabaka. Mwingereza Mary Lyon aliyaeleza haya mwaka 1961 akiwa anachunguza panya.

Binti yako naye ni wa mabaka, ila hatuyaoni. Kuna maeneo ya mwili wake yanayotumia X nzima na kimeng'enya, yaani mashine ya protini ambayo PDHA1 ni sehemu yake, kinafanya kazi vizuri, na maeneo yanayotumia X yenye kosa. Akibahatika ubongo ukawa na mabaka mazuri mengi, hali inakuwa nafuu. Wasichana wawili wenye kosa lilelile herufi kwa herufi wanaweza kutofautiana kiasi kwamba mmoja anatembea na mwingine hashiki kijiko. Mtu asikusomee kwenye intaneti habari za mtoto mwingine akakuambia "na wako atakuwa hivi". Na kuna jambo la kitaalamu linalofuata hapo: mkipendekezewa kupima nguvu ya kimeng'enya kwenye kipande cha ngozi, jibu la "kawaida" kwa msichana haliondoi ugonjwa, kwa sababu ngozi iliyokatwa huenda ni baka zuri. Kwa wasichana jeni inasema kweli kuliko ngozi.

Wavulana wana X moja, hawana mabaka wala akiba. Makosa mazito sana ya jeni hii wengi wao hawayahimili tangu tumboni. Wanaozaliwa mara nyingi ni wenye kosa linalopunguza kazi ya kimeng'enya bila kuizima. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa wa kike na wa kiume hukaribiana idadi, jambo lisilo la kawaida kwa magonjwa ya X.

(Kituko kidogo cha wapenda baiolojia: kuna nakala ya pili ya jeni hii, PDHA2, kwenye kromosomu ya 4, na inawashwa kwenye korodani tu. Mbegu zikiwa zinatengenezwa X huzimwa, na nusu ya mbegu hazina X kabisa. Bila nakala hiyo zingekosa nishati. Kwa matibabu haitusaidii kitu, lakini mimi kila nikiifundisha nafurahi.)

Sasa kimeng'enya chenyewe kinafanya nini. Ugali, wali, uji, viazi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), vyote vikishayeyushwa vinakuwa glukosi. Ndani ya seli, kabla ya kufika mitokondria, glukosi moja inavunjwa kuwa piruvati mbili. Hatua hiyo inaipa seli faida ya ATP 2, na ATP ndiyo sarafu ya nishati mwilini. Ni kidogo. Faida kubwa, jumla ya ATP kama 30, inapatikana piruvati zikiingia mitokondria na kuchomwa hadi mwisho. Na mlango wa kuchoma ni mmoja: kimeng'enya kikubwa kinachoitwa piruvati dihaidrojenasi, kinachoigeuza piruvati kuwa asetili-KoA, ambayo ndiyo inayochomwa.

Unakumbuka Kigongo na Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025? Malori ya kwenda Sengerema na Geita yalitegemea kivuko. Kivuko kilipoharibika, malori hayakupotea. Yalipanga foleni, madereva waligeuza, yalijaa pembeni mwa barabara mpaka wenyeji hawakuwa na pa kupita. Kwa binti yako kimeng'enya hicho ndicho kivuko: piruvati isiyovuka inageuzwa kuwa lakteti, na lakteti inamwagika kwenye damu. Zile 5.8 na 4.9 ulizoandika ni malori yaliyopaki pembeni. Kwa kawaida lakteti haizidi kama milimoli 2 kwa lita.

Kimeng'enya hiki ni mkusanyiko wa sehemu nyingi, kikubwa kuliko hata ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), na sehemu zake zimeandikwa kwenye kromosomu tofauti: ya 3, ya 7, ya 11 na X. PDHA1 inaandika sehemu ya alfa, ambayo ina kazi mbili. Inashirikiana na sehemu ya beta kushika vitamini B1, yaani thiamini, ambayo bila hiyo piruvati haishikiki. Na ndiyo yenye swichi ya kuwasha na kuzima kimeng'enya chote kulingana na mahitaji. Kati ya sehemu zote kosa likitokea, mara nyingi linakuwa kwenye hii ya X.

Ubongo ndio unaoumia kwanza kwa sababu ni mlafi na ni mteuzi. Kwa mtu mzima una asilimia kama 2 ya uzito wa mwili na unatumia asilimia kama 20 ya nishati. Misuli ikikosa glukosi inachoma mafuta. Ubongo mafuta yenyewe hauyawezi. Ndiyo maana shingo ya mtoto inalegea na degedege zinakuja hata kama anakula na kunenepa. Wapo watoto ambao picha ya ubongo huonyesha madoa mahali maalumu katikati ya ubongo, na hali hiyo huitwa sindromu ya Leigh, kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1951. Ukilikuta neno hilo kwenye karatasi zako usidhani umepewa ugonjwa wa pili.

Kuhusu namba za lakteti, usiziamini moja moja. Mtoto akilia sana, akifungwa mpira mkononi kwa muda mrefu, au damu ikikaa mezani kabla ya kupimwa, lakteti inapanda yenyewe. Kwenu kanda ya ziwa kuna sababu nyingine: malaria kali nayo inapandisha lakteti na kushusha sukari. Akiwa na malaria lakteti ikaja 6, huenda kilichozidi siku hiyo ni malaria. Uliza pia kama piruvati ilipimwa. Kwenye ugonjwa huu lakteti na piruvati hupanda pamoja, hivyo uwiano wao unabaki wa kawaida, chini ya 20. Uwiano ukiwa mkubwa, tatizo mara nyingi liko mbele zaidi ndani ya mitokondria, na daktari atataka kuyasoma upya majibu ya jeni.

Tuje kwenye uji.

Aliyekuambia hakukosea, ila alikuambia nusu. Uji ni wanga, na wanga wote unaishia kwenye foleni ileile ya kivuko kibovu. Mafuta yana njia yao. Yakivunjwa ndani ya mitokondria yanatoa asetili-KoA moja kwa moja, bila kupita kwenye kimeng'enya hiki, kama lori lililokwisha kuwa Busisi, ng'ambo ya pili, tangu mwanzo. Na ini likipata mafuta mengi na wanga kidogo linatengeneza ketoni, ambazo ubongo unazikubali na kuzichoma. Hii ndiyo lishe ya ketoni. Haikubuniwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Ilianza mwaka 1921 huko Marekani kwa wagonjwa wa kifafa, na kwa binti yako inagonga ndege wawili kwa sababu degedege nazo hupungua.

Lakini dada, usiianze jikoni kwako kesho asubuhi. Neno "ketoni" mitaani limekuwa la watu wa kupunguza unene, na hii si ile. Kwa mtoto kama wako hupangwa gramu 3 au 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Ukipiga hesabu ya 4 kwa 1, asilimia 90 ya nishati yake yote inatoka kwenye mafuta. Hapo mizani ya jikoni inahitajika, vitamini za kuongezea zinahitajika, na siku za kwanza mtoto anaangaliwa hospitalini kwa sababu sukari inaweza kushuka. Na kuna magonjwa yanayofanana na haya kwa nje, kama upungufu wa kimeng'enya cha piruvati kaboksilasi au watoto wasioweza kuchoma mafuta, ambao lishe hii inaweza kuwaua. Kwa binti yako jeni imeshajulikana, ndiyo maana naweza kuitaja. Jirani mwenye mtoto wa degedege asiige.

Mtaalamu wa lishe akikubali, vitu vipo Mwanza na si vya duka la kifahari. Samli, parachichi, tui zito la nazi, mafuta ya alizeti, mayai, sangara mwenye mafuta yake. Dagaa ni wazuri lakini ni protini, wanahesabiwa. Vinavyopunguzwa sana ni ugali wa aina zote, ule wa muhogo ukiwemo, wali, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa), miwa, soda, juisi, na uji wa lishe. Huo wa lishe watu huushangaa. Jina lake zuri halibadilishi kwamba sehemu kubwa ni unga wa nafaka.

Kuna jambo ambalo ningelianza hata kabla ya lishe, na ningemuuliza daktari wiki hii: thiamini. Wapo wagonjwa wa PDHA1 ambao kosa lao liko karibu na mahali vitamini hii inaposhikwa, na wakipewa dozi kubwa kimeng'enya kinazinduka kwa kiasi. Si wote, na huwezi kujua bila kujaribu kwa miezi kadhaa na kupima. Ni dawa ya bei nafuu na madhara yake ni machache, kwa hiyo sioni sababu ya kutoijaribu. Dozi aiandike daktari, kwa sababu iko juu mno ya ile ya vidonge vya kawaida vya vitamini.

Thiamini ina historia nzuri. Mwishoni mwa karne ya 19, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona huko Java kuku waliolishwa wali uliokobolewa wakilegea miguu, na wakipewa mchele usiokobolewa wanapona. Kilichokuwa kwenye ganda ni thiamini, na mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel. Mama zetu wanaokula dona badala ya sembe wanaipata kwa njia hiyohiyo. Ila nisikuchanganye: tatizo la binti yako halikuja kwa kula sembe, na dona haliwezi kufikia dozi ninayoisema.

Wapo watakaokutajia dawa iitwayo dikloroasetati. Inaizuia ile swichi isizime kimeng'enya, na inashusha lakteti. Pia inaweza kuharibu neva za mikono na miguu. Usiiagize mtandaoni.

La dharura. Homa, kuhara, kutapika au kukaa na njaa kunamwongezea mahitaji ya nishati wakati kivuko chake kibovu hakiongezeki kasi. Neti kila usiku, homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo. Na omba daktari akuandikie barua fupi ya kukaa kwenye begi la mtoto, iseme jina la ugonjwa na iseme kwamba dripu yenye glukosi nyingi inaweza kupandisha lakteti yake kwa kasi, kwa hiyo apimwe sukari kwanza. Sukari ikiwa imeshuka kweli, apewe glukosi bila kusita, ila kwa kipimo. Usiku wa manane muuguzi akiona mtoto amelegea, kitu cha kwanza kinachomjia ni glukosi, na kwa watoto wengine wote yuko sahihi. Barua hiyo itaje pia dawa ya degedege anayotumia. Kama ni valproeti, iulizie sasa, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya mitokondria hayapatani nayo.

Mimba nyingine? Pimwa wewe kwanza. Mume wako akiwa mzima wa afya ni vigumu sana awe na kosa hili kwenye kila seli, maana ana X moja na angeumwa mwenyewe. Kwako, ukikutwa nalo, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Usipokutwa nalo, nafasi inashuka sana lakini haifiki sifuri, kwa kuwa mayai machache au mbegu chache zinaweza kuwa na kosa ambalo damu haina. Nendeni wawili. Na mkienda, mwombe daktari amweleze mume wako mwenyewe, kwa Kiswahili, ile habari ya Nansio na soda. Mama mkwe huenda akaipokea vizuri zaidi ikitoka kwa mwanawe kuliko kwako au kwangu.

Na kunyonya: usimwachishe ghafla. Maziwa ya mama yana sukari kama gramu 7 katika kila mililita 100. Mpe mtaalamu wa lishe namba hiyo pamoja na idadi ya mara anazonyonya kwa siku, azihesabu ndani ya wanga wa mtoto kabla hajapanga kitu kingine chochote.